Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri: kopo la dawa si tairi la akiba

Mheshimiwa Waziri,

YAHUSU: JIBU LA WIZARA KUHUSU MAGARI MAPYA YANAYOUZWA BILA SPEA

Tunakuandikia sisi mafundi matairi, pamoja na madereva tunaowahudumia, kwa heshima zote zinazostahili kiti chako. Barua zetu za awali, za kuomba magari mapya yauzwe na spea, zilikuja kwa bahasha, kimyakimya. Hii tunaiweka hadharani kwa sababu sasa tumejibiwa, na jibu lenyewe ndilo lililotumaliza subira.

Jibu linasema kifaa cha kuziba pancha kinachowekwa kwenye buti la magari mapya, yaani kopo la dawa na kompresa ndogo ya kujaza upepo, kinatosheleza mahitaji ya dereva wa kawaida, kwa hiyo Wizara haioni sababu ya kugusa kanuni. Tunaomba kwa unyenyekevu kuuliza: aliyeiandaa sentensi hiyo aliwahi kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa kopo? Maana kopo lenyewe halisemi hivyo. Kopo linakiri udhaifu wake waziwazi kuliko Wizara yako.

Makopo mengi yameandikwa kwamba dawa huziba tundu lisilozidi milimita 4, mengine milimita 6, na liwe kwenye kashata tu, ile sehemu inayokanyaga lami. Begani mwa tairi, pale kashata inapokutana na ubavu, haizibi. Ubavuni, haizibi. Tairi lililochanika, lililochomoka kwenye rimu au lililokwisha kuendeshwa bila upepo, usijaribu. Rimu ikipinda au kupasuka, hata usilifungue kopo. Yaani kifaa hiki ni cha msumari na skrubu, basi.

Sasa tuangalie magari ya leo yanaharibikaje matairi. Tairi la 205/65, yaani upana wa milimita 205 na ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, lina ubavu wa milimita 133 kutoka rimu hadi lami. Tairi la 225/40, ambalo siku hizi limevalishwa hata magari ya familia kwa ajili ya urembo, lina milimita 90 tu. Gari likitumbukia shimoni kwa mwendo, ubavu mfupi hivyo hauna nafasi ya kunywea. Mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na kinachofuata ni nundu ubavuni au mpasuko unaoingia kidole. Mpasuko ule unatoa upepo wote mara moja. Unganisha kompresa, mwaga chupa nzima, dawa yote itaishia barabarani. Kwa hiyo watengenezaji wamechagua matairi yanayopasuka ubavuni kirahisi, kisha wakaweka dawa isiyotibu ubavu, na Wizara ikapiga mhuri.

Hata msumari wenyewe si mteremko kama jibu lako linavyodhani. Dereva anatakiwa kutikisa chupa, kufunga mpira wake kwenye valvu, kuwasha injini ili betri isiishe, kuchomeka kompresa kwenye tundu la volti 12 na kusubiri. Mwanzoni geji inaweza kuruka hadi karibu baa 6 (baa ni kipimo cha msukumo wa upepo) wakati dawa inapita kwenye valvu, kisha inashuka. Wengi hapo hushtuka na kuzima. Ikipita kama dakika 10 bila kufika baa 2 hivi, anatakiwa kuchomoa, kusogeza gari mita chache mbele na nyuma ili dawa isambae, halafu ajaribu tena baada ya kompresa kupoa. Ikikubali, aondoke palepale, asizidi kilomita 80 kwa saa, asimame baada ya kilomita chache apime tena. Miongozo mingi inasema ukikuta upepo umeshuka chini ya baa 1.3, usiendelee, tafuta msaada. Na msumari hapaswi kuung'oa kabla ya kujaza! Wangapi wanalijua hilo? Wengi huung'oa kwanza kwa koleo, wanatanua tundu, kisha wanailaumu dawa.

Halafu kuna tarehe. Dawa hiyo huisha muda. Makopo mengi yamepewa miaka minne hivi. Gari lenye umri wa miaka saba, lililopita mikononi mwa wamiliki watatu, linabeba kopo ambalo hakuna aliyelitazama tangu kiwandani. Utomvu wake umeganda chini kama gundi, chupa inatoa maji ya juu tu. Wakaguzi wako hupima taa, breki na hata honi. Tarehe ya kopo hawaiulizi, ilhali Wizara inasema ndilo mbadala wa gurudumu zima.

Na dawa ikifanya kazi, gharama inahamia kwetu na kwa mwenye gari. Tairi lililojazwa dawa inabidi livuliwe, lioshwe, na sensa ya upepo iliyo kwenye valvu isafishwe isije ikaziba. Mafundi wengi hukataa kulitengeneza, si kwa uvivu. Pancha halali hutengenezwa kwa ndani: unavua tairi, unakagua ubavu mzima kwa mkono na taa, unakwangua mpira, unapitisha kiraka chenye mkia ili mkia uzibe njia ya msumari na kiraka kizuie upepo kwa ndani. Kiraka hakishiki juu ya utelezi wa dawa. Kuna matairi mengine yamebandikwa sponji ndani ili kupunguza kelele. Humo dawa inaweza kunyonywa na sponji kabla haijafika kwenye tundu. Mwisho wa yote, tairi lililotobolewa na msumari mmoja, ambalo lingerudi barabarani kwa kiraka, linatupwa.

Tuwe wakweli pia upande wetu. Wapo mafundi wanaosokomeza kamba ya mpira kwa nje bila kuvua tairi na kumwambia mteja amepona. Hiyo ni dharura ya kukufikisha gereji. Tundu linalozidi milimita 6, au lililo begani, halitengenezwi na mtu yeyote anayejiheshimu. Mkiamua kuwabana wenzetu hao, tutawaunga mkono.

Jibu lako liligusia pia matairi yanayotembea bila upepo. Ni teknolojia nzuri. Ubavu wake ni mnene, unabeba gari hata upepo ukiwa sifuri, kwa kawaida hadi kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, pungufu kama gari limejaa mizigo. Lakini ni mazito, magumu, na baada ya kutembezwa bila upepo huwezi kuthibitisha kwa macho kwamba ubavu haukuungua ndani, ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wanasema lisitengenezwe, libadilishwe. Na kilomita 80 ni umbali tu. Hazimhakikishii dereva kwamba mwisho wake atakuta duka lenye tairi la saizi yake. Mpasuko mkubwa wa ubavu, hata hilo linalala.

Tunajua kwa nini spea imeondolewa. Gurudumu kamili pamoja na jeki na spana ni kama kilo 20, na kila kilo inayoondolewa husaidia gari lionekane linatumia mafuta kidogo na kutoa moshi kidogo kwenye vipimo vya maabara. Kwenye magari ya haibridi, yanayotumia mafuta na umeme, na yale ya umeme mtupu, pale palipokuwa na shimo la spea sasa pana betri au vifaa vyake. Nyingine tunakisia, na utusamehe tukikosea: kopo ni rahisi kununua kuliko rimu na tairi, na akiba ile haionekani kwenye bei anayolipa mnunuzi. Wangemwambia basi! Wengi hujua gari lao halina spea siku wanapoinua zulia la buti wakiwa kando ya barabara.

Na hapa ndipo tunaposhindwa kuelewa sheria za dunia, si zako tu. Marekani imelazimisha mfumo wa kumtahadharisha dereva upepo wa tairi ukishuka kwa magari madogo yote mapya tangu Septemba 2007. Umoja wa Ulaya umefanya hivyo kwa magari mapya ya abiria tangu Novemba 2014. Taa ya njano inawaka, dereva anajulishwa rasmi kwamba ana pancha. Sheria hizohizo hazimlazimishi mtengenezaji kumpa gurudumu la kubadilisha. Ulipoingia ofisini uliahidi kwamba kanuni za magari zitapitiwa upya pamoja na watu wanaozitumia barabarani. Bado tupo, tunasubiri kuitwa.

Hatuombi anasa, Mheshimiwa. Spea nyembamba inatutosha, ile ya muda, kwa mfano yenye maandishi T125/70. Inakula nafasi ndogo, na ubavuni imeandikwa upepo wake, kwa kawaida baa 4.2, sawa na psi 60. Ina masharti yake na tunayajua: isizidi kilomita 80 kwa saa, isifungwe mbili kwa wakati mmoja, kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ni afadhali ikae nyuma hata kama pancha ni ya mbele, uhamishe tairi zima la nyuma kwenda mbele, maana gurudumu dogo kwenye ekseli ya nguvu huichosha difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Kwenye magari ya kuendesha magurudumu yote manne, mwongozo wa gari ufuatwe kwa makini zaidi. Ugonjwa wake mkuu ni kusahaulika: inakaa miaka bila kupimwa, siku ya kuitwa ina baa 1. Huo ni ugonjwa unaotibika kwa geji na dakika mbili.

Tumeambiwa pia kwamba madereva wa leo hawajui kubadilisha gurudumu. Je, watajuaje kama gari halina jeki? Kazi yenyewe haina siri. Simama pagumu na tambarare, washa taa za tahadhari, weka kiakisi, shusha abiria wakae mbali na magari, vuta breki ya mkono, weka kigingi kwenye gurudumu lililo kwenye kona ya mkabala. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kuinua, si baada. Jeki ikae pale mwongozo ulipoonyesha. Kwenye gari la umeme ukikosea unaweza kubonyeza kasha la betri, na hilo si la kujaribu. Spea ilaze chini ya ubavu wa gari wakati unafanya kazi, jeki ikiteleza gari liangukie mpira, lisikuangukie wewe. Kaza nati kwa kuvuka upande kwa upande, shusha, kaza tena. Magari mengi madogo yanataka nguvu ya kukaza kati ya nyutonimita 90 na 140, na zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 hivi. Kwenye barabara ya mwendo kasi isiyo na nafasi pembeni, hatumshauri mtu abadilishe chochote. Akae nyuma ya ukingo, aite msaada.

Kinachomwangusha dereva mara nyingi ni vitu vidogo ambavyo kanuni moja ingevimaliza. Ufunguo wa nati ya kufuli, ile ya kuzuia wezi wa rimu, umebaki kwa muuzaji wa kwanza. Spana ya kwenye gari ni fupi kiasi kwamba nati iliyokazwa kwa mashine haisogei. Rimu ya aluminiamu imeshikana na habu, kitovu inapofungiwa, kwa kutu. Boliti za rimu ya aluminiamu ni ndefu kuliko zinazotakiwa na spea ya chuma, na anayezitumia bila kujua anaweza kukwaruza breki kwa ndani au kubaki na gurudumu linalocheza. Boliti sahihi zilipaswa kuwa ndani ya buti, hazimo.

Tulikuomba, na tunarudia kuomba, kwamba kila gari jipya la abiria liuzwe na spea, iwe nzima au nyembamba, pamoja na jeki, spana, ufunguo wa nati na boliti zake. Kama betri imechukua nafasi, mnunuzi apewe spea kama nyongeza anayoweza kuinunua siku ileile, na mtengenezaji aonyeshe inafungwa wapi. Kama hilo nalo ni zito, basi kopo likaguliwe: tarehe ikipita, gari lisipite ukaguzi mpaka libadilishwe, kama mnavyofanya kwa tairi kipara.

Tunajua utaratibu wa ofisi. Kamati itaundwa, watengenezaji watakuja na suti zao na slaidi zao, sisi tutabaki na simu za saa nane za usiku za watu waliokwama na watoto ndani ya gari, wakituuliza kwa nini dawa inamwagika chini. Tumechoka kuwajibu kwa niaba ya Wizara. Basi yote hayo yaweke kando ukipenda, tupe moja tu, ambalo halihitaji betri kuhamishwa wala kilo moja kuongezwa: kibandiko kwenye kioo cha kila gari linalouzwa bila spea, liwe jipya au lililotumika, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama, GARI HILI HALINA TAIRI LA AKIBA, na chini yake tarehe ya kuisha kwa dawa.

Kibandiko, Mheshimiwa Waziri. Tunaomba kibandiko.

Wako watiifu,
Mafundi matairi na madereva