Usinunue kitasa kwa macho

"Yaani elfu ishirini na tano kwa skrubu nne?" Swali hili tunaulizwa mara kwa mara hapa dukani kwetu Dodoma, tunapouza na kufunga vitasa, na juzi mama mmoja wa Ilazo alilitoa kwa sauti mbele ya wateja wengine, akaongeza kwamba tumemtapeli. Kitasa alikuja nacho mwenyewe, kakinunua kwa 18,000. Sasa inakuwaje ufundi uzidi bei ya kitasa? Tumeona tujibu hapa kwa urefu, maana wapo wengi wanaolifikiria hilo na kunyamaza.

Kitasa cha yule mama hakikuwa kibaya. Shida ni kwamba hakikuwa cha mlango wake. Mlango ulichimbwa zamani kwa kitasa ambacho kutoka katikati ya mkono wa kushikia hadi katikati ya tundu la ufunguo ni milimita 57. Alicholeta ni cha 72. Sentimita moja na nusu, mtu anaona si kitu. Lakini ukikifunga hivyo hivyo, tundu jipya la ufunguo linaangukia chini kidogo ya lile la zamani, ubao mwembamba uliobaki katikati unamegeka, na unapata shimo refu ambalo sahani ya kitasa hailifuniki. Fundi wetu alichonga kipande cha mninga, akakipaka gundi, akakipigilia kwenye tundu la zamani kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, akakibana na kukiacha kikauke. Kisha akarudi kuchimba upya nafasi ya boksi, yaani mwili wa kitasa unaozama ndani ya mlango, akatoboa pa mkono na pa silinda, ile sehemu inayoingizwa ufunguo, akasogeza bati la kwenye fremu ili ulimi, kile chuma kinachotokeza kuufunga mlango, uingie bila kugonga. Zile skrubu nne zilifungwa mwisho kabisa. Ndizo alizoziona mama, kwa sababu wakati huo ndipo alipotoka jikoni.

Kwa kubadilisha kitasa kwa kingine cha kipimo kile kile tunatoza 10,000 tu kwa mlango. Hiyo 25,000 ni ya kutibu mlango.

Ndiyo maana ukifika dukani kwetu, kabla hatujakuonyesha chochote, tunakuuliza vipimo. Wengine hukasirika: "Mimi nataka kile cha dhahabu pale juu, hayo maswali ya nini?" Tunauliza kwa faida yako. Cha kwanza ni hiyo nafasi kati ya mkono na ufunguo: 57, 72 na 85 ndizo tunazokutana nazo zaidi kwenye nyumba za hapa Dodoma, na haziingiliani. Cha pili ni umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la mkono, ambao huwa 45, 50 au 60. Ukikosea hapo, mkono mpya unakaa pembeni ya tundu la zamani na alama inabaki inachungulia. Cha tatu ni unene wa mlango, kwa sababu ndio unaoamua urefu wa ile pini ya mraba inayopita kati ya mikono miwili na urefu wa silinda.

Silinda naomba niieleze vizuri, maana ni suala la usalama. Silinda ikiwa ndefu kuliko mlango, kichwa chake kinatokeza nje. Ikitokeza zaidi ya milimita 3 hivi, mwizi anaishika kwa koleo na kuivunja pale katikati inapopita skrubu, ambapo ndipo palipo pembamba. Kitasa kinaweza kuwa cha bei kali, mlango ukawa wa mbao ngumu, na bado ukafunguliwa kwa koleo kwa sababu ya kitu kidogo kama hicho. Kwa hiyo ipimwe kutoka kwenye tundu la skrubu ya katikati kwenda kila upande, si kwa jumla tu, kwani mlango wenye sahani nene nje na nyembamba ndani unataka silinda isiyolingana pande zake.

Kuitoa si kazi. Fungua ile skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa wa silinda. Ingiza ufunguo, uuzungushe kidogo tu, chini ya robo, huku unaivuta silinda taratibu. Katikati yake kuna kijino. Kikilala sawa na mwili wa silinda, inateleza yenyewe mkononi. Njoo nayo. Wapangaji wanaohamia nyumba mpya Kisasa au Iyumbu wakitaka tuwabadilishie vitasa vyote kwa kuhofia funguo za mpangaji aliyetangulia, huwa tunawaambia ukweli: kama kitasa ni kizima, badili silinda peke yake, umemaliza. Duka lenye nia ya kukutapeli lisingekwambia hivyo.

Sasa njia ya mkato. Mteja anakuta kitasa kipya hakiingii, anamwita kijana yeyote mwenye patasi, na kijana anapanua. Mlango wa kawaida wa mbao una unene wa milimita 40. Nafasi ya boksi ikichimbwa kwa 20, zinabaki 10 kila upande, na hizo ndizo zinazoshika kila kitu. Akipanua kufika 28 ili kulazimisha, zinabaki 6 kila upande. Mlango unapendeza siku hiyo hiyo. Ukija upepo wa Julai na Agosti, mnaujua wenyewe, mlango unajibamiza mara chache tu na ubao unapasuka kuanzia kwenye ulimi kwenda juu. Tuliitwa kwa mzee mmoja Area D, mlango wa mbele wa mninga, umepasuka hivyo hivyo. Tulilazimika kukata ukingo mzima, kuunga mbao mpya na kupaka vanishi upya pande zote mbili ili rangi zilingane. Alilipa mara kadhaa ya bei ya kitasa, na bado unganisho linaonekana ukisimama karibu. Mzee hakulalamika, ila alikuwa akiupapasa ule mlango kwa masikitiko, na sisi tulisikitika naye. Mninga mzuri siku hizi kuupata ni shida.

Na mninga wenyewe una masharti. Ni mgumu. Skrubu ukiisukuma bila kutoboa njia kwanza, inakatika shingo na kubaki ndani. Zile za shaba zinazokuja na vitasa vya bei ndiyo kabisa. Sisi tunatoboa kwa drili ndogo, tunaingiza skrubu ya chuma ya saizi hiyo hiyo ikate njia, tunaitoa, kisha ndipo tunafunga ya shaba ikiwa imepakwa sabuni kavu kidogo. Mteja akituona tunafunga skrubu moja mara mbili anadhani tunavuta muda.

Milango myepesi ya ndani, ile yenye utupu katikati, kosa lake ni la kinyume: fundi anakaza mno mpaka sahani inazama na ubao unabonyea. Ya chuma nayo, angalieni wachomeleaji. Tulipelekewa kitasa kutoka Nzuguni ambacho hakikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Kasha la chuma la kukishikilia lilichomelewa kitasa kikiwa ndani yake. Moto ule unalegeza springi, na springi ikishalegea hakuna wa kuirudisha. Kitasa kitolewe kwanza, kasha lichomelewe, lipoe, ndipo kirudishwe.

Kuna kundi lingine linalokuja na malalamiko ya kuuziwa kitasa kibovu, wakati kitasa hakina kosa. Mvua za Desemba hadi Machi mlango wa mbao unavimba, ulimi unagonga bati, mtu anachukua tupa anakula bati mpaka linakubali. Kiangazi kinaingia, mbao zinanywea, mlango unacheza usiku kucha. Au bawaba ya juu imelegea na mlango umeshuka. Dada mmoja wa Nkuhungu alikuwa ameshabadili kitasa zaidi ya mara moja kabla hatujafika. Tulimwomba aunyanyue mlango kidogo kwa mkono huku akifunga, ukafunga vizuri. Tulibadilisha skrubu za bawaba tu, tukaweka ndefu zaidi zinazoingia ndani ya fremu.

Mkono unaoning'inia nao mara nyingi ni kiskrubu cha chini ya shingo kilicholegea, au springi ya ndani ya boksi iliyokatika. Ujaribu hivi: toa mikono, ingiza ile pini ya mraba peke yake, izungushe. Ikirudi yenyewe, boksi ni zima. Isiporudi, hata ukinunua mikono ya laki itaning'inia.

Halafu mafuta. Tafadhali, si ya kupikia, si ya injini. Vumbi letu la Dodoma likikutana na mafuta ndani ya silinda linakuwa tope, na pini za ndani zinaganda. Tumia unga wa penseli: kwangua ile risasi nyeusi, ingiza kwa ufunguo, zungusha mara kadhaa.

Mikono ya zinki iliyopakwa rangi ya kung'aa tunayo dukani kwa anayeitaka, na kwa chumba cha wageni inatosha. Kwa mlango wa mbele hatuishauri, hukatika shingoni bila taarifa. Ya chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi, na tukiifunga sisi, ikileta shida ndani ya miezi sita tunarudi bila malipo ya ufundi. Hatuwezi kutoa ahadi hiyo kwa kitasa tusichokijua kilikotoka, na hilo ndilo alilolikasirikia pia yule mama.

Kama umeshanunua na bado hujatoboa, usitoboe. Kilete pamoja na cha zamani, tutavipima vyote bure. Kama mlango hauwezi kubaki wazi, piga picha cha zamani ukiwa umekiwekea futi kandoni, namba zisomeke. Kisipokubali, kirudishe ulikokinunua kikiwa kwenye pakiti yake na skrubu zote, kabla hakijaguswa na bisibisi, maana kikishakwaruzwa hakuna duka litakalokipokea.