Jumamosi kila mtu aje na utafiti mmoja

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunakutana saa 4 asubuhi, palepale Capri Point.

Jumapili pale Kirumba beki aliteguka kifundo cha mguu. Mwenzetu akakimbilia Mwaloni kwa wauza samaki, akaleta barafu, akaifunga kwenye kanga na kumwekea. Nilipomuuliza kwa nini barafu, akajibu, "Ndivyo tulivyofundishwa." Limenikaa moyoni hilo. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, baadaye aliandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Sisi bado tunatibu kwa mazoea!

Basi tafuteni utafiti kuhusu kuteguka kifundo. Anzieni PEDro, hazina ya mtandaoni ya tafiti za fiziotherapia, ni bure, na majaribio yake hupewa alama hadi 10. Ila alama isiwalevye: tazameni wachezaji walikuwa wangapi, waligawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu au la, wangapi waliacha njiani. Tafadhali msiishie kwenye muhtasari, ndiko tunakodanganyika. Makala ikiwa ya kulipia, mwandikieni mtafiti barua pepe kwa adabu, wengi hutuma.

Wenye bando dogo niambieni mapema, nitawachapishia.