Shoga yangu, ile skrinishoti

Shoga yangu,

Msibani kwa mama yako tumekaa mkeka mmoja siku tatu, na yote tuliyosemeshana ni "pole" na "nimeshapoa". Nimerudi kwangu Muheza. Nimekupigia mara mbili nikakata kabla simu haijaita. Basi naandika, na naandika hadharani kwa sababu na wewe uliniandika hadharani, mbele ya watu 86 wa kamati ya harusi.

Kwanza mama, Mungu amrehemu. Kwetu walipokuwa wanabishana kama mtoto wa mguu mmoja ana haja ya shule, yeye ndiye aliyevuka barabara na kanga yake ya jikoni akasema, "Huyu atasoma na wangu." Akakukabidhi mfuko wangu wa madaftari, ukaubeba tangu darasa la nne mpaka la saba. Sikumbuki hata siku moja uliyouweka chini ukalalamika. Na Raskazone ulikuwa unakaa mchangani umekumbatia magongo yangu yasije yakachukuliwa na maji, mimi niko ndani naogelea. Ukiona nimekwenda mbali ulikuwa unaita mpaka sauti inakauka.

Ndiyo maana usiku ule mchumba wangu aliponiambia, wa kwanza kumpigia ulikuwa wewe. Ilikuwa saa sita kasoro. Mkono ulikuwa unatetemeka, nikaona kukueleza siwezi, nikakutumia ujumbe wake kama ulivyo. Unaukumbuka. Mimi naujua kwa moyo: "Sitaki uje kulijua ndani ya ndoa. Macho yangu yalikuona kwa sababu ya mguu wako kabla sijakusikia ukizungumza. Ndivyo nilivyo tangu ujana. Ukisema hapana nitaelewa."

Ulinijibu, "Lala, kesho tutazungumza." Kesho yake hukunipigia. Kesho yake skrinishoti ya ujumbe ule ilikuwa kwenye kundi la kamati, kati ya orodha ya michango na bei ya mchele, na chini yake maneno yako: nimesoma intaneti, huu ni ugonjwa, una na jina, akrotomofilia, jamani tusichangie ugonjwa.

Ulijua mimi nafanya nini kwenye lile kundi letu la wanawake wenye ulemavu. Nilikuingiza mwenyewe, ukatusaidia kupanga safari ya wenzetu waliokwenda Moshi kupimwa viungo bandia. Uliwaona wale wanaume. Wanaingia kwa majina ya kike. Mmoja aliniomba picha ya kigutu changu kabla hajaniuliza naitwa nani. Mwingine, Mzungu, aliahidi fedha kwa kila picha, akataja na pembe anayotaka ipigwe. Na yule aliyempiga picha mwenzetu wa kiti mwendo pale soko la Mgandini, anachagua nyanya, hana habari, kisha tukaikuta picha inazunguka na maneno machafu juu yake. Mwenzetu yule alikaa miezi bila kwenda sokoni, nyanya akiletewa na mtoto. Wote hao niliwatoa kwa mkono wangu. Sheria yetu tuliiandika mimi na wewe sebuleni kwa mama: picha ya mtu haitoki bila idhini yake, mwili wa mtu hauwi swali la kwanza, na siri iliyosemwa humu haitoki humu. Hilo la tatu lilikuwa wazo lako.

Halafu ukaniambia ulikuwa unanilinda.

Nilikwenda kulisoma lile neno lako. Ni la Kigiriki, limeunganishwa na ncha, kukata na kupenda, yaani mvuto kwa watu waliokatwa kiungo. Nikaendelea kusoma, jambo ambalo wewe hukulifanya. Kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanakitumia kutambua maradhi, toleo la mwaka 2013, kinatenganisha mambo mawili: mvuto usio wa kawaida peke yake si maradhi. Huhesabiwa maradhi unapomtesa mwenyewe au unapomdhuru mtu mwingine. Sasa niambie, katika habari yangu nani alimdhuru nani? Mwanamume aliyeniandikia mimi peke yangu, au wewe uliyewaandikia watu 86?

Na hapa kwetu Tanga nani asiyejua kuwa watu hupenda kwa kuanzia mahali? Babu zetu wamesifu mwanya, wamesifu shingo ya pingu, wamesifu macho ya kikombe, na hakuna aliyeitwa mgonjwa. Mjomba wako alimwoa mkewe kwa ajili ya mwendo, anasema mwenyewe kila Idi. Mwendo wa magongo nao ni mwendo.

Lakini sitaki kuuficha ukweli mwingine. Mimi pia niliogopa. Siku nne sikumjibu. Niliwaza, nimewatoa wanaume wote wale kundini kisha nikaolewe na mmoja wao? Siku ya tano nikamwita Bustani ya Jamhuri, tukakaa tunaitazama bahari, nikamhoji kama hakimu. Umewahi kumpiga mtu picha asijue? Akasema hapana, ila akiwa chuoni alimfuata dada mmoja kwa macho mpaka dada yule akageuka, na aibu ya siku ile anayo mpaka leo. Nikamuuliza, na nikipata mguu wa bandia mzuri, nikatembea mtu asijue? Akasema, "Mguu ni wako. Uvae ukitaka, uvue ukitaka." Hakusema haraka. Aliwaza kwanza, na nilimwamini kwa sababu ya kule kuwaza.

Hayo ungeyajua kama ungenipigia.

Sasa nije kwenye usiku wa hina, maana skrinishoti ningeweza kuimeza. Nilipoingia ukumbini vigelegele vilikatika katikati. Nilisikia magongo yangu mwenyewe kwenye sakafu, ko, ko, mpaka kwenye godoro. Wewe ulikuwa umeshika bakuli la hina. Mpakaji hina alimaliza mikono, akamaliza mguu wa kulia, akasita. Ndipo yule mama mkubwa, nisimtaje ni wa upande gani, akasema, "Na sisi tuone huo unaopendwa," akaishika kanga yangu akaipandisha juu, mbele ya wote. Watu walinyanyuka nyuma ili waone. Mtoto mmoja alipandishwa begani.

Nilikutazama wewe. Katika chumba kile kizima nilikutazama wewe. Ukainamisha macho ukakoroga hina ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa.

Shoga, mimi kigutu changu sikionei haya. Ulikipaka mafuta ya nazi wewe mwenyewe tukiwa wadogo, miezi ile kilipokuwa kinaniwasha usiku na mguu usiokuwepo unauma kuliko uliopo. Lakini huko ni kwangu. Wanaume wale wa mtandaoni huomba picha, nakataa, yanakwisha. Usiku ule hakuna aliyeniomba. Na walijua pa kushika kwa sababu wewe uliwaonyesha. Neno moja tu, "Bi mkubwa, mfunike," ningekuwa nimekusamehe kila kitu kabla hina haijakauka.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, tulikuwa tunausoma kundini kifungu kwa kifungu, unakumbuka, wewe ndiye uliyekuwa unasoma kwa sauti. Ibara ya 22 ni ya faragha. Ibara ya 23 ni ya ndoa na familia. Ulizisoma siku moja na chai ya tangawizi mkononi. Najiuliza ulikuwa unasoma nini.

Sisemi kila anayekuja na mvuto huo aaminiwe. Mabinti wa kundini wananiuliza mpaka leo, nami nawaambia wamtazame anauliza nini, na akiambiwa hapana anafanya nini. Wengi hukasirika, hapo unajua alikuja kwa kiungo. Nawaambia wasione aibu kumtoa, na wasione aibu kumpenda. Wapo wanaoninong'ona kuwa nasema hivyo kwa kuwa nimeolewa na mtu wa namna hiyo. Ndiyo, nimeolewa naye. Mwaka wa sita sasa. Asubuhi hunichemshia maji kabla ya kwenda kufundisha, na mguu wa bandia ukinichubua hukaa kimya pembeni ananipepea. Sidhani kama nina deni la kumweleza mtu zaidi ya hapo, ingawa naona nimeeleza.

Kuna kitu kimoja kilichonifanya niandike, nacho si hasira. Siku ya kwanza ya msiba, nilipokuwa nateremka kukaa mkekani, mkono wako ulikuja wenyewe. Hukunitazama. Uliyapokea magongo yangu kama ulivyokuwa ukiyapokea Raskazone, ukayaegemeza ukutani, ukaenda jikoni. Umeyaweka mbali, sikuyafikia. Kila nilipotaka kuinuka ilinibidi nisubiri mpaka urudi. Wenzetu waliniuliza, tukuletee? Nikasema hapana, ananiletea mwenyewe. Na ukaja, kila mara, siku zote tatu.

Arobaini ya mama nitakuja, na mume wangu atakuja, atakaa na wanaume nje. Usiniwekee kiti, mkeka unanitosha. Magongo safari hii nitayalaza ubavuni mwangu. Ukitaka kukaa upande ule, yasogeze.