Shukrani kwa kaka wa duka la vifaa vya bomba

Kaka uliyekuwa ukichagua koki za nusu inchi pale Majengo, Dodoma, ahsante sana. Ulinisikia nikimlalamikia muuzaji kwamba mashine yangu ya kulainisha maji inanguruma usiku kama kawaida, lakini sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe. Maji yetu ya visima mnayajua wenyewe.

Wengine walishaniambia ninunue mashine nyingine. Wewe uliuliza swali moja tu: "Mama, chumvi kwenye pipa la mashine inapungua?" Wala, ilikuwa palepale. Ukasema basi imeganda juu, chini kuna uwazi. Maji hayaigusi chumvi, na zile punje za ndani ya mashine zinazonasa kalsiamu na magnesiamu, madini yanayofanya maji kuwa magumu, hazisafishwi tena na maji ya chumvi.

Nilifanya ulivyoelekeza. Mpini wa ufagio, taratibu, katikati, nisije nikatoboa pipa. Mpini ukagonga kitu kigumu kama sakafu, kisha ukazama ghafla, mkono wangu nao ukafuata! Chini palikuwa patupu kabisa. Nikavunja mabonge, nikaiamuru mashine ijisafishe, halafu nikafungua bomba la maji ya moto yatiririke, maana ulinionya kwamba maji magumu ya zamani hubaki kwenye hita. Kesho yake mashuka ya wajukuu yalifura povu hadi nikapunguza sabuni.

Siku hizi chumvi naijaza nusu pipa tu. Na hela ya soda uliyoikataa bado ninayo, kaka. Ukinisikia tena nikilalamika dukani, njoo uichukue.