Huo uyoga usiule

Mwanangu Zuhura,

Picha nimeziona zote. Nyumba imependeza, na bustani umeitunza kuliko nilivyotarajia, wewe uliyekuwa ukiambiwa ufagie uwanja unajifanya unasoma. Lakini ile picha ya mwisho, ya uyoga katikati ya nyasi, imeninyima usingizi. Umeuliza, "Mama, huu unalika?" Nakujibu kwa barua ili uwe nayo mkononi: usiule.

Kwa picha moja, tena iliyopigwa kutoka juu, hakuna awezaye kukuambia ni uyoga gani. Kofia nyeupe pana yenye magamba ya kahawia, na pete kwenye mguu. Upo wa kuliwa wenye sura hiyo hiyo, na upo Chlorophyllum molybdites, ambao kwenye nyasi za nchi za joto ndiko kwao. Aliyeula huo, baada ya saa 1 hadi 3 anatapika na kuharisha vibaya.

Wewe ni mtu wa kutaka kujua, na hilo nalipenda, basi ujue sawasawa. Usiukate juu juu. Zamisha kisu ardhini uung'oe na kitako chake, maana Amanita phalloides, ule unaoua, alama yake kubwa ni kifuko cheupe kinachozunguka kitako, na kifuko hicho hubaki udongoni ukiukata. Huota penye mizizi ya miti, nawe naona mti pale pembeni. Kisha kata kofia, ilaze matamvua, yaani vile vipande vyembamba vya chini ya kofia, yaelekee chini juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, ifunike kwa glasi hadi asubuhi. Ukikuta kofia imeangusha vumbi la kijani, ni ule wa kutapisha. Likiwa jeupe, ambalo utaliona upande mweusi, usishangilie: muuaji naye vumbi lake ni jeupe.

Yale ya kijiko cha fedha kugeuka rangi, au "konokono ameula na hajafa", ni upuuzi mtupu. Kuchemsha nako hakuondoi sumu ya Amanita. Tena mtu hukaa saa 6 hata 12 na zaidi hahisi kitu, ndipo atapike, kisha apate nafuu adhani yamekwisha, kumbe ini linaharibika. Ukisikia mtu ameula, usingoje dalili. Hospitali moja kwa moja, na mabaki ya uyoga yaende naye.

Utasema mimi mwoga. Baba yako naye kasema hivyo hivyo, halafu usiku akaniuliza kama nimeshakuandikia.

Nyasi zako hazidhuriki. Uyoga wa namna hiyo hula mizizi iliyokufa na mabaki yaliyooza udongoni, na ukiung'oa utaota mwingine kwa kuwa nyuzi zake ziko chini. Ung'oe hata hivyo, kila asubuhi, kabla mtoto hajatoka kutambaa. Huyo kila kitu mdomoni, kama mama yake. Kuushika tu hakuna neno, ila nawa mikono.

Mapazia niliyokuahidi bado yapo hapa, nilipoyafua yakarudi, yakawa mafupi. Pima dirisha la sebuleni uniletee urefu. Na huo uyoga umeshautupa au bado uko jikoni unautazama? Mlango wa kabati umelegea tena, fundi anaahidi tu. Ile sufuria kubwa yenye mfuniko najua unayo wewe. Ukija, uje nayo.

Mama yako