Uwanja mpya wa gofu Lubumbashi: tuulize kwanza maji ya Septemba

Bwana Mhariri,

Nimezisoma kwa makini barua ambazo gazeti lenu limekuwa likichapisha kuhusu hoja ya kuupatia mji wa Lubumbashi uwanja mpya wa gofu. Wanaoutaka wanasema kwamba mji wa migodi, unaopokea wageni kila siku, unastahili mahali pazuri pa kuwapumzisha. Wanaoupinga wanasema kwamba gofu ni mchezo wa wenye fedha na kwamba ardhi ipewe wasio na nyumba. Pande zote mbili zimesema kwa uchungu wa kweli, lakini sijaona barua hata moja iliyouliza maji ya kunyweshea nyasi hizo yatatoka wapi mwezi wa Septemba. Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za mji huu kwa miaka 31, na kwangu hilo ndilo swali linalotangulia mengine yote.

Mji wetu uko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua zake huanguka zaidi kati ya Novemba na Machi, na kuanzia Mei hadi Septemba ni nadra kuona hata wingu la kutumainisha. Kila aliyekulia hapa anaijua sura ya majira hayo: nyasi za porini zimekauka, moto unapita katika miombo, na vumbi jekundu limetanda juu ya mapaa. Uwanja utakaobaki kijani mwaka mzima katika mazingira hayo ni uwanja utakaonyweshwa miezi mitano mfululizo, na maji hayo lazima yachukuliwe mahali fulani.

Tupige hesabu pamoja. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 huchukua hekta 50 hadi 60, na mara nyingine zaidi. Tuseme, kwa kuwapunguzia mzigo wenye wazo hili, kwamba ni hekta 20 tu zitakazomwagiliwa na kwamba sehemu iliyobaki itaachiwa miti na nyasi za asili. Tuseme pia kwamba nyasi zitapewa milimita 5 za maji kwa siku, kiasi ambacho si cha kupindukia katika jua kali la mwisho wa kiangazi. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Kwa hiyo milimita 5 juu ya hekta 20 ni lita 1,000,000 kwa siku, sawa na bidoni 50,000 za lita 20. Ninamwomba kila msomaji airudie hesabu hii kwa kalamu yake mwenyewe, kisha asimame asubuhi moja ya Septemba kwenye foleni ya maji katika komini zetu za Katuba, Kenya au Ruashi, ahesabu bidoni zilizopangwa pale.

Nyumbani kwangu Katuba tuna kisima kilichochimbwa na marehemu baba. Mwezi wa Mei kamba ya ndoo hutosha bila shida. Mwezi wa Septemba tunaunganisha kipande kingine cha kamba, na kuna miaka ambapo ndoo ilipanda na matope, mke wangu akalazimika kuyaacha maji yatulie usiku kucha ndipo apike bukari asubuhi. Majirani wasio na kisima huja kwetu, na hatujawahi kumnyima mtu, ingawa ziko siku tulizomwomba mama mwenye watoto sita achukue bidoni moja badala ya mbili. Yaliyonipata mimi yamezipata nyumba nyingi za mji huu ambako bomba limekauka au halijawahi kufika.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba wenye uwanja watachimba foraji yao wenyewe, yaani kisima kirefu cha pampu, na hawatagusa maji ya Regideso, shirika la maji la serikali. Jibu hilo halinitulizi hata kidogo. Maji yaliyo chini ya ardhi hayafuati mipaka ya kiwanja iliyochorwa kwenye karatasi. Pampu yenye nguvu inayovuta kutoka kina kirefu mchana na usiku inaweza kushusha usawa wa maji kuizunguka, na visima vifupi vya majirani ndivyo vinavyotangulia kukauka. Mwenye foraji hatauona upungufu huo kwake, kwa kuwa bomba lake limeshuka chini zaidi. Atakayeuona ni mkulima wa mboga anayelima lenga-lenga na matembele kando ya vijito vyetu, ambaye kiangazi ndicho kipindi chake cha kuuza. Zaidi ya hayo, nyasi za gofu hutaka mbolea nyingi na dawa za kuua magugu na ukungu, na sehemu ya vitu hivyo huzama na maji hadi chini, kulekule visima vinakochota.

Si kwamba sheria imekaa kimya. Ibara ya 53 ya Katiba ya nchi yetu ya Kongo ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii kabla ya mradi unaoweza kuyadhuru mazingira kuanza. Nayo sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, isiyoweza kuuzwa. Anayepewa hekta 60 hupewa haki ya kuzitumia tu, na mwenye kutoa haki hiyo anatoa kwa niaba yetu sote. Basi tunastahili kuuona uchunguzi huo kabla ya saini kuwekwa, na uandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia, ili mama wa kule kisimani ausome au asomewe.

Jambo la pili linalonigusa ni njia za watu. Wazee wetu waliishi katika Élisabethville, jina la mji huu wakati wa ukoloni, iliyogawanywa na ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na makao ya Waafrika, ukanda uliotetewa kwa hoja ya mbu na malaria. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, uwanja wa gofu uliwekwa ndani ya ukanda wa namna hiyo, pamoja na bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Siwashutumu wacheza gofu wa leo kwa makosa ya wakoloni. Ninachosema ni kwamba eneo kubwa la kijani lenye ukuta hutenganisha watu hata kama hakuna aliyekusudia. Karibu na shule niliyofundisha mwisho, mwenye kiwanja mmoja alifunga njia iliyotumiwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wakawa wanazunguka kwa karibu nusu saa zaidi. Wasichana wawili waliacha kuja katika kipindi cha mwisho cha jioni kwa kuogopa giza. Uwanja wowote mpya uache njia za miguu zilizo wazi, zenye taa, na ziandikwe ndani ya mkataba.

Kuhusu ajira, zitakuwepo: wakata nyasi, walinzi, wapishi, vijana wa kubeba mifuko ya fimbo. Sizidharau. Lakini Lubumbashi ina uwanja wa gofu tangu zamani, na hata kartie nzima, yaani mtaa mzima, inaitwa Golf. Kabla ya kuahidiwa ajira za uwanja mpya, tuonyeshwe idadi ya watu wanaolipwa na ule uliopo, na kiasi wanacholipwa.

Kama ni lazima mji upate nyasi nyingine, ninalo pendekezo. Kuanzia mwaka 1911 moshi wa tanuru la shaba ulipelekwa kwa miaka mingi na upepo wa kusini-mashariki, na udongo wa upande wa pili, hasa kuelekea Penga Penga, umejaa shaba na metali nyingine kiasi kwamba sehemu zake zimebaki uchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu kuotesha humo nyasi tatu za kienyeji kwa msaada wa chokaa na mboji, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Mojawapo ya nyasi hizo, Cynodon dactylon, ni nyasi ileile inayopandwa katika viwanja vingi vya gofu vya nchi za joto, ingawa iliyovumilia vizuri zaidi pale ilikuwa nyingine, Rendlia altera. Ardhi hiyo haifai mboga, na ikifunikwa nyasi vumbi lake halitaingia tena vifuani mwa watoto. Anayetaka kuwekeza aanze mazungumzo na wataalamu hao, asikae kuuchungulia udongo mzuri wa mabondeni unaotulisha.

Ninawaomba viongozi wa mji na wa jimbo la Haut-Katanga wasitoe hekta hata moja kabla ya kutangaza hadharani mahali maji yatakapochotwa, idadi ya lita kwa siku, na hali ya visima vyote vinavyolizunguka eneo hilo. Visima hivyo vipimwe mbele ya wenyewe, na vipimo vichukuliwe Septemba, si Februari.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi