Jumamosi ya usafi: tuulizwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme machache juu ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ambayo siku hizi ikitajwa watu hukunja uso. Maneno ninayoyasikia sokoni, barazani, hata msibani, ni kwamba siku hiyo imebaki jina. Watu hufunga maduka kwa kuogopa faini, hukaa ndani mpaka saa nne ipite, halafu kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake na mtaro uko vile vile. Wapo wanaotaka ifutwe kabisa. Mimi siungi mkono kufutwa. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuambiwa tushike mafagio, tuulizwe kazi ipi inahitajika mtaani kwetu na saa ngapi inatufaa.

Siku hii ilianza kwa sababu nzito. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi. Desemba 9 mwaka huo Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza siku hiyo itumike kwa usafi nchi nzima, na mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na Ikulu. Baadaye ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Wakati ule hakuna aliyehitaji kusukumwa, kwani ugonjwa ulikuwa mlangoni. Hofu ilipopungua, kilichobaki sehemu nyingi ni gari la matangazo na vitabu vya stakabadhi za faini.

Mtaani kwetu, hapa Ngamiani, Tanga, siku hiyo bado ina watu, na nadhani najua sababu. Sisi huanza na maneno. Wiki nzima kabla ya Jumamosi habari zinazunguka. Akina mama wa kikoba wanasema mtaro upi unanuka, wazee wa bao wanabishana maji ya mvua iliyopita yalikwamia wapi, na fundi baiskeli wa kona anaulizwa zile tairi zake atazitoa lini. Ijumaa jioni mjumbe anapita nyumba kwa nyumba, na anapofika kwako tayari unajua kesho ni kazi gani na ulete nini. Mwenye koleo aje na koleo, mwenye reki aje na reki. Mwenye mgongo mbovu, kama mimi mshona nguo, huchemsha chai.

Kazi inaanza saa moja na nusu, jua halijapata nguvu, na saa tatu na nusu tumekwisha. Baada ya hapo ndipo Jumamosi yenyewe inapoanza. Mahamri na mbaazi za nazi vinatoka, chai ya tangawizi inamiminwa, na ukiwa msimu, kuna machungwa ya Muheza kwenye karai. Wanaokaa kwenye mkeka ule ule ni mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, wifi yangu aliyekuja kusalimia kutoka Dar, na watoto ambao hawajui kwamba walikuwa wanafanya kazi. Ubishi wa Coastal Union na African Sports, timu zetu za mpira, haukosi, na lazima mzee mmoja atukumbushe kwamba mwaka 1988 ubingwa wa nchi ulikuja Tanga, kana kwamba kuna aliyesahau. Ugomvi wa mipaka ya ua husuluhishwa hapo, na hata posa zimewahi kudokezwa hapo. Adhuhuri kila mtu kwake, na mchana mtaa mzima umelala. (Chai hiyo ina kasoro zake: wapo wanaotokea saa tatu na robo, mikono wameshanawa.)

Sasa nije kwenye kazi, maana hapa ndipo agizo la jumla linapopotea njia. Mahali pengi usafi wa Jumamosi ni kufagia mchanga wa barabarani na kufyeka majani, kwa kuwa ndicho kinachoonekana mkubwa akipita. Mbu hana habari na mchanga huo. Mbu wa dengue, yule anayeuma mchana, hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya tairi kuukuu, kopo, ndoo iliyosahauliwa, na kwetu pwani, vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko. Mwaka 2019 dengue ilipoisumbua Dar es Salaam, Tanga nayo ilipata wagonjwa. Mbu anayeeneza matende na mabusha mijini ana mapenzi mengine: yeye hufuata maji machafu, mtaro ulioziba na shimo la choo lisilofunikwa vizuri. Sisi watu wa ukanda huu wa pwani hatuhitaji kusimuliwa matende; tumekua tukiyaona kwa babu zetu.

Nani anajua vifuu viko wapi? Mtoa agizo hajui, na afisa anayepita barabarani na daftari hajui. Anayejua ni mtoto wa darasa la nne anayeruka kutoka ua mmoja hadi mwingine akifuata mpira. Kwa joto letu, yai la mbu wa dengue huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba kusafisha mara moja kwa mwezi hakumsumbui sana. Nesi mmoja jirani yetu alipotueleza hilo kwenye chai, mtaa ukakubaliana watoto wapite kila mwisho wa wiki na kiroba, wapindue na kukusanya kila kinachoshika maji. Ni kazi ya nusu saa, na ujira wao ni kashata. Hakuna tangazo la gari lingeweza kuipata kazi hiyo, kwa sababu ilitoka kwenye mazungumzo ya watu wanaojuana nyua zao.

Kuna na suala la tope. Tope la mtaro ukilitoa ukaliacha ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka, pamoja na pampasi na chupa zake. Kuanzia Machi hadi Mei, masika ikiwa imechachamaa, mtaro uliosafishwa namna hiyo ni sawa na ambao haukuguswa. Sisi huchangishana kidogo kidogo, tukakodi guta libebe siku ile ile kupeleka kwenye kituo cha taka. Mitaa isiyo na uwezo huo ipo mingi, na kuwatoza watu hao faini kwa kutofagia hakuwapi guta.

Saa nazo. Agizo la kufunga biashara mpaka saa nne linaonekana dogo kwa mwenye mshahara. Jirani yangu anayekaanga mahamri huuza kuanzia alfajiri mpaka kama saa tatu. Ukimfungia mpaka saa nne umemchukulia siku nzima, kwani hakuna anayekula mahamri adhuhuri. Kwetu yeye anauza, na anayetoka kuzoa taka ni mwanawe. Hilo lilizungumzwa likakubalika, wala hakuna aliyenung'unika. Yupo pia Msabato mmoja, mtu wa Upareni, ambaye Jumamosi ni siku yake ya ibada. Angetozwa faini kila mwezi kwa ajili ya imani yake. Yeye amejitwalia Jumapili asubuhi: anasafisha kizimba cha taka na kunoa mafyekeo yote ya mtaa. Nasikia hata Rwanda, ambako umuganda, kazi yao ya pamoja ya kila mwezi, ni jambo la sheria, Wasabato wamewekewa nafasi ya kufanya kazi yao Jumapili.

Na kwa kuwa nimeitaja Rwanda: watu wetu hupenda kuitolea mfano, wakisema wenzetu wananyooka kwa sababu ya ukali. Ni kweli Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa mbili hadi saa tano, wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanatakiwa kazini. Lakini wangesimulia habari nzima. Kazi ikiisha, wakazi hukaa mkutano, wakazungumza mambo ya eneo lao. Sisi tulichukua Jumamosi na ufagio, mkutano tukauacha.

Wala hatukuhitaji kwenda mbali kujifunza. Milimani Upare na Usambara kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji. Mbiu ikilia, watu walitoka kuchimba barabara, kujenga shule, kuzibua mifereji na, kwa Wapare, kusafisha ndiva zinazohifadhi maji ya kumwagilia. Ulikuwa na ukali wake. Asiyefika bila udhuru aliulizwa. Ila kila aliyebeba jembe alijua mfereji ule unapeleka maji shambani kwa nani.

Wapo watakaosema kuulizana huku ni kudekezana. Niwakumbushe jambo la kisheria. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unakataza kazi za shuruti, na Tanganyika iliuridhia mwaka 1962. Mkataba huo unaruhusu kazi ndogo ndogo ambazo wanajamii hujifanyia kwa faida yao wenyewe, kwa sharti kwamba wao au wawakilishi wao wawe na haki ya kushauriwa kama kazi hizo zinahitajika. Katika mkoa huu wa mkonge, ambako wengi wetu ni wajukuu wa manamba, vibarua walioletwa kwenye mashamba ya mkonge, nadhani sharti hilo tunalielewa bila kufafanuliwa na wakili.

Hofu ya viongozi naijua: mkiwaachia watu wapange wenyewe, hawatatokea. Wengine hawatatokea kweli. Tuna nyumba mbili tatu ambazo hazijawahi kutoa hata mtoto, na wenye nyumba hizo ndio wa kwanza kulalamika maji yakiingia uani. Tumewahi kufikiria kuwashtaki, tukaona gharama ya uadui ni kubwa kuliko mtaro wao. Siku hizi mjumbe huwaambia tu chai iko wapi. Mmoja amekwisha kuja, kwa ajili ya mbaazi, na aliondoka na zamu ya kusukuma toroli.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwa wahusika, popote walipo nchini, si kubwa. Katikati ya mwezi kila mtaa ukae, hata kwa robo saa baada ya swala au baada ya ibada, uamue kazi moja na saa yake, mwenyekiti aiandike na kuipeleka kwa mtendaji wa kata. Lori la taka lipangiwe kupita siku hiyo hiyo katika mitaa iliyoandika. Fedha zinazopatikana kwa faini, kama lazima zitozwe, zinunue makoleo, glovu na mabuti ya watu wanaoingia mtaroni, kwa sababu vioo vya chupa vimeshawakata vijana wengi. Na anayeuza chakula cha asubuhi aachwe auze.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao sisi tumepanga mtaro wa nyuma ya madrasa, ule unaorudisha maji kila masika. Anayetaka kuona tunavyofanya anakaribishwa saa moja na nusu. Akiwa na koleo asiliache nyumbani, maana yaliyopo hayatoshi.

Mshona nguo,
Ngamiani, Tanga.